Kupiga picha za mandhari kwa baiskeli Dodoma: tupange safari kwa jua na upepo kwanza

Mkazi wa Ntyuka (mleta mada)

Habari zenu, wakuu. Katika mijadala ya baiskeli na katika ile ya picha, swali linaloulizwa zaidi ni la vifaa: kamera ipi, simu ipi, baiskeli ya namna gani. Kwa sisi tunaoendesha katika barabara za vumbi zinazouzunguka mji wa Dodoma, naamini swali hilo linakuja mapema mno. Kinachoamua picha itakuwaje ni uelekeo wa barabara, saa unayopita hapo na upepo unaovuma siku hiyo. Aliyeyapanga hayo matatu atarudi na picha nzuri hata kwa simu ya kawaida, na asiyeyapanga atarudi na picha za mawe yaliyopauka hata akiwa na kamera ya mamilioni. Naomba nieleze ninavyofikiri, kisha wenzetu wanaoyajua maeneo ya Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa waongeze au wapinge.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo lisilobembelezeka. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta na karibu nyuzi 36 mashariki, ilhali saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45. Tofauti hiyo hulifanya jua la kwetu lichelewe zaidi ya nusu saa kulinganisha na saa ya mkononi, ndiyo maana huchomoza kati ya saa 12 na dakika 10 asubuhi, mwanzoni mwa Novemba, na saa moja kasoro robo hivi mwezi Juni na Julai. Likishachomoza halizubai. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, yapata nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu ambao wapiga picha wa Ulaya ya kaskazini huufaidi kwa muda mrefu, sisi tunaupata kwa dakika 30 au 40 tu. Anayetoka nyumbani jua linapochomoza, akaendesha saa nzima kuyafikia mawe aliyoyakusudia, anakuta mwanga umekwisha kuwa mkali na vivuli vimefupika. Inabidi uwe umekwisha kufika, umeegesha baiskeli na umechagua mahali pa kusimama kabla jua halijatokeza.

Jambo la pili ni uelekeo wa barabara, na hili naona halizungumzwi vya kutosha. Mawe ya itale ya Dodoma, iwe ni vilima vya Mlimwa na Imagi vinavyoonekana kutoka mjini au miamba iliyosambaa mashambani, yana nyufa, mikunjo na michirizi ya maji ambayo ndiyo sura yake. Mwanga ukiyapiga usoni moja kwa moja, sura hiyo yote inafutika na jiwe linaonekana bapa. Ukiyapiga ubavuni, kila ufa unaweka kivuli na jiwe linapata uzito. Kwa hiyo asubuhi na jioni njia zinazokwenda kaskazini na kusini ndizo zenye manufaa zaidi, kwa sababu jua linakuwa upande mmoja wa barabara na mandhari iliyo mbele yako inapata mwanga wa ubavuni. Barabara kuu za kwenda Arusha na Iringa zina uelekeo unaokaribia huo, lakini zina malori na mabasi ya mwendo mkali, na mimi simshauri mtu apige picha ukingoni mwake. Tafuteni njia za vijiji zinazokwenda sambamba nazo, za ng'ombe na za mashambani, ambako gari linapita mara chache na unaweza kusimama bila kumzuia mtu.

Upepo ni jambo la tatu. Wakati wa kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Alfajiri huwa umetulia, kisha huongezeka kadiri ardhi inavyopata joto. Hesabu yake ni rahisi: toka mapema ukielekea upande upepo unakotoka, wakati bado hauna nguvu, kisha urudi ukisukumwa nao mgongoni jua likiwa limekwisha kupanda na miguu imechoka. Ukifanya kinyume chake utarudi ukipigana na upepo wenye vumbi saa za joto, na hakuna mtu anayeshuka kwenye baiskeli kupiga picha akiwa katika hali hiyo.

Hapa lakini jua na upepo hugombana, na inapasa mtu aamue kwa usalama wake. Upepo unakuambia uende mashariki asubuhi. Jua nalo linachomoza mashariki. Ukiwa kwenye lami ya Morogoro ukielekea Ihumwa alfajiri, dereva anayekuja nyuma yako anapigwa na jua usoni kupitia kioo chake na hakuoni, hata ukivaa reflekta. Jioni hatari hiyo huhamia upande wa pili, kwa anayekwenda magharibi kwenye barabara ya Singida. Msimamo wangu ni kwamba saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na saa ya mwisho kabla halijazama mtu asiendeshe kwenye lami yenye magari akilielekea jua, hata kama picha aliyoikusudia iko huko. Ukitaka kwenda mashariki saa hizo, pita njia ya vumbi isiyo na magari, au ulale huko huko ulikokusudia kupiga picha.

La mwisho kwa leo: picha ya mandhari haipigwi mtu akiwa juu ya tandiko. Naona watu wakishika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine. Ni hatari katika changarawe, na picha yenyewe inatoka imetikisika. Faida ya baiskeli ni kwamba unapita polepole kiasi cha kuona kitu, na unaweza kushuka papo hapo bila kutafuta maegesho. Ukiikataa faida hiyo, bora upande basi.

Mgeni wa Nala

Ndugu mleta mada, ahsante kwa maelezo. Mimi nina simu tu na baiskeli ya kawaida yenye keria. Nina maswali mawili. La kwanza, kwa mtu anayeanza, utamwelekeza njia ipi? La pili, simu yangu hupausha ile rangi nyekundu ya udongo, na anga inatoka nyeupe tupu. Je, ni kasoro ya simu?

Mkazi wa Ntyuka (mleta mada)

Karibu, ndugu. Naanza na swali la pili kwa kuwa ni fupi. Simu haina kasoro. Simu hujaribu kusawazisha rangi yenyewe, na inapokutana na udongo mwekundu chini ya mwanga wa asubuhi, inadhani wekundu ule ni kosa la kurekebishwa. Kama simu yako ina sehemu ya kuchagua mwenyewe usawa wa rangi, chagua alama ya jua, au weka kipimo cha Kelvin 5,500 hivi, na wekundu wake utabaki. Kuhusu anga, bonyeza na ushikilie kidole kwenye sehemu ya anga iliyo karibu na upeo mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga, kisha upunguze mwangaza kidogo kwa kuteremsha alama ya jua itokeayo hapo ulipobonyeza. Ardhi itatoka na giza kidogo, lakini giza hilo unaweza kuliinua baadaye nyumbani. Anga iliyokwisha kuungua na kuwa nyeupe hairudi kwa namna yoyote. Futa pia lenzi kwa kitambaa safi kila unaposimama, kwa sababu vumbi la Dodoma ni laini mno na hutanda kwenye lenzi bila mtu kutambua, nalo huifanya picha iwe na ukungu hasa unapolielekea jua.

Kuhusu njia, kwa anayeanza napendekeza barabara inayotoka Ntyuka kuelekea Mvumi. Inakwenda kusini-mashariki, kwa hiyo wakati wa kiangazi unakwenda upepo ukiwa bado umelala na kurudi ukiwa nao mgongoni. Kuna mibuyu, kuna mashamba ya zabibu na kuna vilima vya mawe, vyote katika umbali ambao mtu mwenye afya ya kawaida anaumudu kwa asubuhi moja, hata asipofika mwisho. Barabara hiyo huendelea hadi Kikombo, na hapo naomba tuwe waangalifu: Kikombo ndipo yalipo makao makuu ya Jeshi la Wananchi. Ukikaribia huko, kamera iingie ndani ya begi na ibaki humo. Ndivyo ilivyo pia kwa maeneo ya Ikulu ya Chamwino na miundombinu ya reli na madaraja yenye walinzi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inazuia kupiga picha maeneo yaliyowekewa ulinzi, na mtu aliyeshika kamera kando ya reli si rahisi kumweleza mlinzi kwamba alikuwa anafuata mwanga wa mbuyu.

Na wewe wa Nala una bahati, maana upande wako wa magharibi una Kigwe na Bahi. Ukuta wa Bonde la Ufa ulio ng'ambo ya mbuga ya Bahi, kuelekea Kilimatinde, unatazama mashariki. Maana yake ni kwamba unapata mwanga asubuhi tu. Jioni unakuwa kivulini, nawe unabaki kupiga picha ya ukuta mweusi chini ya anga yenye mwanga. Watu wengi huenda Bahi jioni kwa ajili ya machweo, wakarudi wakisema ukuta ule hauonekani. Unaonekana vizuri sana, ila saa moja asubuhi.

Fundi wa Kibaigwa

Naunga mkono hoja ya mwanga, ila mngeanza na tairi. Msafiri wa barabara za vumbi za kanda ya kati anashindwa na mbigiri kabla hajashindwa na jua. Mmea ule hutambaa kandokando ya njia, hasa mvua zinapokatika na nyasi kuanza kukauka, na tunda lake lina miiba ambayo, hata ikianguka vipi, mmoja husimama juu. Mpiga picha ndiye anayeumia zaidi kuliko msafiri wa kawaida, kwa sababu kila mara huiacha njia iliyokanyagwa na kuisukuma baiskeli pembeni ili aiegeshe mahali pazuri. Hapo ndipo anapookota miiba.

Ushauri wangu ni kwamba baiskeli usiisukume kwenye nyasi kamwe. Ibebe begani au iache ukingoni mwa njia. Ukishatoka pembeni, zungusha kila gurudumu polepole na upitishe macho kwenye tairi kabla ya kupanda, na mwiba ulioingia nusu uutoe kabla haujafika kwenye tyubu. Miiba ya migunga ni mirefu na hupenya tairi lolote la kawaida, kwa hiyo usiegeshe chini ya mgunga hata kivuli kiwe kitamu namna gani. Beba tyubu nzima ya akiba pamoja na viraka, solusheni na pampu, maana kubadili tyubu ni kazi ya dakika chache, wakati kusubiri solusheni ikauke huku mwanga ukipotea ni jambo la kuudhi mno.

Jingine ni upepo wa tairi. Kwenye changarawe na mchanga punguza kidogo kuliko unavyojaza kwa lami. Tairi iliyojazwa sana hurukaruka, na mtetemo wote unahamia kwenye chochote ulichokifunga kwenye baiskeli. Kwa sababu hiyo sishauri kamera ikae kwenye keria wala kwenye kikapu cha mbele. Nimeona skrubu za lenzi zilizolegea kwa mtetemo wa njia moja ya mawe tu. Kamera ivaliwe mgongoni au kifuani, imefungwa kwa mkanda wa pili kiunoni ili isicheze, kwa sababu mwili wa mtu hupunguza mtetemo kuliko chuma. Hata simu, kampuni ya Apple ilitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha katika baadhi ya simu zake. Baiskeli haina injini, lakini barabara yenye matuta kama ubao wa kufulia haina huruma, na simu haina sababu ya kukaa kwenye usukani saa nzima.

Msimu wa mvua nao, kuanzia Desemba hadi Aprili, msidanganywe na mchanga mkavu wa makorongo. Mvua ikinyesha milimani usikokuona, korongo hujaa kwa muda mfupi mno. Ukikuta maji ya rangi ya chai yanapita, subiri yapungue, usijaribu kuvuka na baiskeli. Na udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika magurudumu mpaka hayazunguki; hapo hakuna ufundi, ni kuibeba tu.

Binti wa Mvumi

Nimefurahi kuona Mvumi imetajwa, na kwa sababu hiyo hiyo naomba niseme jambo kwa niaba yetu tunaoishi kwenye hayo mandhari. Barabara mnayoiita tulivu ni njia yetu ya kwenda shambani, kisimani na kliniki. Mbuyu mnaouona uko peke yake una familia inayouchuma. Nyumba ya tembe inayowapendeza kwa paa lake bapa na ukuta wa udongo ni nyumba ya mtu, na mbele yake kuna mama anayepepeta uwele ambaye hakujiandaa kupigwa picha.

Mpiga picha anayekuja kwa baiskeli ana nafasi ambayo wa kwenye gari hana: anaonekana tangu mbali, anafika akitoka jasho, na anaweza kusalimia. Salimieni kwanza. "Mbukwenyi" moja mbele ya wazee hufungua mlango kuliko maelezo marefu, na baada ya hapo elezeni kamera ni ya nini. Mkikataliwa, ondokeni kwa heshima bila kubembeleza. Watoto msiwapige picha kwa kuwaita barabarani na kuwapa pipi, mtafuteni mzazi. Tangu mwaka 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, nayo ilipitishwa mwaka 2022, kwa hiyo kuheshimu sura ya mtu si suala la adabu pekee.

Mashamba ya zabibu pia yana wenyewe. Huku tunavuna kwa misimu miwili kwa mwaka, na kipindi cha mavuno wenye mashamba huwa macho sana dhidi ya wezi. Mtu anayechomoza kati ya mistari ya mizabibu alfajiri akiwa na begi mgongoni hatafikiriwa kuwa mpiga picha. Piteni ofisi ya kijiji, mjitambulishe kwa mtendaji au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Haichukui muda, na mara nyingi mtapewa kijana wa kuwaonyesha jabali ambalo ramani ya simu haijui kama lipo.

Kwa wanawake wenzangu wanaotaka kuanza: nendeni wawili au watatu. Si kwa sababu vijiji vyetu ni vibaya, bali kwa sababu anayepiga picha huinamia kamera na kusahau kilicho nyuma yake. Mmoja akipiga, mwingine aangalie baiskeli na barabara, kisha mbadilishane.

Mpinzani wa Saa Sita

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu maelezo yote, ila naona mleta mada ameirithi kanuni ya watu wa nchi nyingine bila kuihoji. Nani amesema Dodoma ya kweli ni ya saa moja asubuhi? Hii ni nchi ya ukame. Maisha yake yanaendeshwa na jua la mchana: mbuzi waliojibana kwenye kivuli cha mbuyu mmoja, ukuta wa tembe ulioungua upande mmoja na mweusi upande mwingine, chamchela inayoinuka shambani mwezi Septemba na kubeba vumbi jekundu angani. Hayo yote hayapo alfajiri. Tukizoea kupiga picha saa ya dhahabu tu, tutaionyesha kanda ya kati kana kwamba ni bustani, na mtu atakayefika kwa mara ya kwanza hataitambua.

Mkazi wa Ntyuka (mleta mada)

Hoja yako ni nzito, na sehemu yake kubwa naikubali. Chamchela haipigwi picha alfajiri, maana inazaliwa na ardhi iliyopata moto. Ila hata mchana haufanani mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa hapa Dodoma, na adhuhuri yenyewe haiangukii saa sita kamili bali karibu nusu saa au zaidi baadaye. Siku hizo mtu anakanyaga kivuli chake, mti hauna ubavu wenye giza, na miamba inaonekana kama imepakwa chokaa. Juni na Julai ni tofauti kabisa: jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na halipandi zaidi ya nyuzi 60 hivi, kwa hiyo kivuli cha mtu kinabaki na urefu unaozidi nusu ya kimo chake. Kuta zinazotazama kusini zinakaa kivulini kutwa nzima. Kwa hizo picha za mwanga mkali na giza nene unazozisema, miezi hiyo miwili ndiyo nitakayomshauri mtu atoke mchana, na apendelee picha nyeusi na nyeupe. Mwenye kamera ya kurekebisha kwa mkono anaweza kutumia ile kanuni ya zamani ya jua kali: tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata inayolingana na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), yaani ISO 100 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde au karibu na hapo. Kanuni hiyo haidanganywi na weupe wa mchanga kama kipimo cha kamera kinavyodanganywa.

Nisichokubali ni kwamba mwanga wa asubuhi unadanganya. Mkulima wa uwele na mchungaji wako barabarani saa hiyo. Ni sisi wa mjini ndio tunaokuwa bado tumelala. Tena kuna vitu ambavyo ni vya asubuhi kwa asili yake. Alizeti ikiwa changa hulifuata jua, lakini ikishachanua na kukomaa shina hukaza na ua hubaki limeelekea mashariki. Ukipita shamba la alizeti asubuhi jua likiwa mgongoni mwako, maua yote yanakutazama. Ukipita jioni ukiwa umelipa mgongo jua linalozama, utapata visogo vitupu.

Mpiga Picha wa Kondoa

Naongeza upande wa kaskazini, kwa sababu mjadala umebaki Dodoma mjini na vitongoji vyake. Milima ya Irangi na mabonde ya Haubi yana ardhi nyekundu iliyochongwa na mmomonyoko, na historia yake inafaa kujulikana kabla mtu hajainua kamera. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa ili ardhi ipumzike. Miteremko mingi iliyokuwa uchi ilirudisha majani na miti. Kwa hiyo picha ya korongo jekundu peke yake inasimulia nusu ya habari. Tafuteni pembe ambayo korongo na uoto uliorudi vinaonekana kwa pamoja. Hapa kanuni ya mleta mada kuhusu mwanga wa ubavuni inafanya kazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua, maana makorongo hayana sura pasipo kivuli.

Wanaofika Kolo kwa ajili ya michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, waache baiskeli kwenye ofisi ya mambo ya kale, walipe ada na wapande na mwongozaji. Msitumie flashi, msiguse mwamba, na mtu yeyote akiwaambia kwamba michoro huonekana vizuri ikimwagiwa maji, mkatalieni. Maji yameiharibu michoro mingi.

Ombi langu moja kwa mleta mada: umezungumzia asubuhi kwa kirefu na jioni kwa ufupi. Anayetaka mbuyu na mwezi apangeje?

Mkazi wa Ntyuka (mleta mada)

Ndugu wa Kondoa, ahsante kwa hilo la HADO. Litabadilisha namna nitakavyozitazama picha za huko.

Kuhusu mwezi, wengi husubiri usiku wa mwezi mpevu wenyewe, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza mashariki karibu na wakati jua linapozama magharibi, kwa hiyo ukishapanda kiasi cha kuonekana juu ya vichaka, ardhi imekwisha kuwa na giza na kamera inalazimika kuchagua kati ya mwezi unaong'aa na mbuyu mweusi. Kwa kuwa kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, siku moja kabla ya mwezi mpevu unakuwa juu kidogo wakati jua la mwisho bado linaupiga mbuyu. Siku hiyo mwanga wa mwezi na wa ardhi unakaribiana, na hata simu inavimudu vyote viwili. Chagua mbuyu ulio peke yake, usimame magharibi yake kwa mbali, jua likiwa mgongoni mwako, na uiegemeze baiskeli kwenye shina ili atakayeitazama picha apate kipimo cha ukubwa wa mti. Majani pia yana msimu wake: kiangazi mbuyu ni matawi matupu na umbo lake lote linaonekana, mvua zikianza unavaa majani, na maua yake, ambayo hufunguka jioni, huonekana kuelekea mwanzo wa mvua.

Kisha uangalie saa. Jua likishazama kwetu, giza halicheleweshi. Baada ya dakika 20 na kidogo huwezi tena kuona jiwe barabarani kwa macho tu. Nenda jioni pale tu ambapo njia ya kurudi umekwisha kuipita mchana, una taa ya mbele yenye betri iliyojaa, taa nyekundu ya nyuma na reflekta, na nyumbani wanajua umekwenda upande gani. Kama moja ya hayo halipo, omba hifadhi kijijini, lala, na utumie asubuhi kwa kazi nyingine.